Maua Yaliyoingia Chunguni

Siku ya ishirini na moja Winifrida aliyainamia makopo ya maziwa aliyoyapanga dirishani, akayatazama kama mwalimu anavyolitazama darasa zima lililofeli. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umelowa vizuri. Hakuna kilichochomoza. Hata gugu moja la kumpa mtu moyo halikuwepo.

"Labda mbegu zilikuwa mbovu," alisema Polikarp, mumewe, bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi.

"Si mbovu. Zina kiburi tu."

"Mbegu nazo zina kiburi?"

"Endelea kusahihisha, Polikarp."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa miaka kumi na saba Winifrida alikuwa bibi shamba wa serikali. Alikuwa na diploma ya kilimo iliyowekewa fremu sebuleni, na alikuwa amezunguka nusu ya vijiji vya Ufipa kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki, akiwafundisha watu nafasi ya mahindi na dawa ya maharage. Kisha mwaka jana ikaja barua ya kupunguzwa kazini, karatasi moja, upande mmoja. Tangu hapo kila aliyekutana naye Sumbawanga mjini alikuwa na ushauri. Fungua kioski. Lete mitumba. Nenda Kasesya, vuka mpaka, rudi na sabuni. Kila mtu mjini alikuwa amefungua kitu, hata waliokuwa hawajui kufungua mlango wa ofisi bila kusaidiwa. Winifrida hakutaka kuuza sabuni. Alichokijua ni udongo, na udongo alikuwa hana. Uwanja wa nyumba yao ya Chanji ulitosha tuta moja la maua na banda la nguruwe, na bomba lilitoa maji mara mbili kwa wiki likiwa na hali nzuri.

Ndipo akatokea Kasmir. Kasmir alikuwa ameanza na baiskeli za kuvusha bidhaa mpakani, akapanda hadi lori, na sasa alikuwa anamalizia nyumba ya wageni kwenye barabara ya Mpanda: vyumba kumi na viwili na kisima chake kirefu chenye pampu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu chenye bomba lisilojua mgao. Winifrida alikiona kiwanja kile mara moja tu, akakosa usingizi. Pale angeweza kuotesha miche ya mji mzima, kabichi, mapasheni, miti ya mbao, maua, na angekuwa tena mtu mwenye kazi yake.

"Mama Scola," Kasmir alimwambia, akichezea funguo za gari, "maua ya kana na waridi kila mtu anayo. Mimi nataka langoni ua ambalo hakuna mtu analo mji huu. Liwe limechanua siku ya kufungua, Jumamosi ya baada ya Pasaka. Ukiniletea hilo, bustani yote nakukabidhi, ya mbele na ya nyuma."

Na ua lenyewe Winifrida alikuwa nalo, au alidhani analo. Sista Margareth wa konventi, aliporudi kutoka likizo Ulaya, alimletea pakiti ya mbegu. Juu yake palikuwa na picha ya mmea mrefu uliojaa maua ya rangi ya waridi iliyofifia, mapana kama visahani vya chai. Jina la kisayansi lilianza na Malva, basi akauita malva. Ni mmea wa kudumu. Ukishashika, unakauka juu na kuchipua tena mwaka hadi mwaka, na unapenda baridi, jambo ambalo Ufipa hatujawahi kupungukiwa. Pakiti ilisema kwa kawaida huchanua mwaka wa pili, lakini ukipandwa mapema huenda ukachanua mwaka uleule. Winifrida, aliyewakaripia wakulima kwa miaka kumi na saba wasitegemee huenda ya mvua, aliishika huenda hiyo kwa mikono miwili na kumwahidi Kasmir Pasaka.

Sasa ilikuwa mwisho wa Oktoba na mbegu thelathini zilikuwa zimelala fofofo. Kwa bahati hakuwa amemwaga pakiti yote. Mtu aliyesoma hapandi mbegu zote siku moja. Alizichukua thelathini zilizobaki, akaweka moja kwenye jino na kuiuma. Ngumu kama kokoto. Akajiona mjinga. Kwa ganda lile maji yangeingilia wapi? Polikarp alikuwa amenunua msasa wa kusugulia kiti. Winifrida akaukata vipande viwili, akazisugua mbegu katikati yake mpaka zikapauka, akaziloweka usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu.

"Huo msasa ulikuwa wa kiti," alisema Polikarp asubuhi.

"Kiti hakina haraka."

Siku ya nane zikaota ishirini na sita. Na wiki mbili baadaye, kama watu waliokuwa wakisubiri kuombwa msamaha, zikaota nne kutoka lile kundi la kwanza. Thelathini. Winifrida aliihesabu ile miche kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mwezi wa Januari aliipeleka tutani. Samadi aliletewa na Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kando ya mji. Masalu alishusha mkokoteni mzima, akasimama kuitazama ile miche ya kimo cha kidole.

"Mama, samadi yote hii kwa vitu hivi? Vinaliwa?"

"Haviliwi. Ni maua."

"Aisee. Basi ng'ombe wangu wamejisumbua bure."

Mvua ilinyesha ilivyotakiwa. Kufikia mwisho wa Februari malva ishirini na sita zilikuwa zimefika magotini, majani mapana yenye mikato, ncha zimeanza kunyanyuka kutafuta maua. Zile nne zilizochelewa alizipanda nyuma ya banda la nguruwe kwa kukosa nafasi, nazo zilikuwa bado zinajikongoja. Winifrida alipiga hesabu ya wiki kwa vidole, akaona zinatosha. Kwa shida, lakini zinatosha.

Ndipo akaja mama mkwe.

Bibi Kristiana alishuka kwenye lori kutoka Kaengesa akiwa na kuku, debe la ulezi, na jembe lake mwenyewe, kwa sababu majembe ya watu wa mjini hayakumpendeza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na hakujua kukaa. Ukimpa kiti anakifuta, halafu anaenda kufagia. Winifrida alimpigia magoti, akamwamkia shikamoo, akapokea kuku, akamwambia karibu mama, na moyoni akaomba iwe wiki mbili.

Kesho yake asubuhi alimtembeza uwanjani. Na hapo ndipo Winifrida alipojiponza, kwa sababu mtu aliyezoea kufundisha haachi hata akiachishwa kazi. Alisimama mbele ya tuta, akakunja mikono nyuma kama yuko kwenye mkutano wa kijiji.

"Huu, mama, ni mmea mgeni. Umetoka Ulaya. Lakini ukoo wake tunaujua. Ni ndugu wa bamia na mlenda. Hata pamba ni ukoo huohuo."

Bibi Kristiana akachuma jani moja, akalisugua kati ya vidole.

"Unateleza."

"Ndiyo, unateleza. Ni tabia ya ukoo."

"Aaa," alisema Bibi Kristiana, akaliangalia tuta kutoka mwanzo hadi mwisho. "Umelima vizuri, mwanangu."

Winifrida alifurahi kusifiwa, akashindwa kuisikia ile aaa.

Kwa akina Polikarp kuna desturi moja. Mama akija kumtembelea mtoto wake aliyeoa, lazima apike chungu kimoja kwa mkono wake, na mboga aichume mwenyewe palepale nyumbani kwa mtoto, aone ardhi ya pale inamlishaje. Mke ndiye anayeonja kwanza, kabla ya mume, kabla ya watoto. Kukataa ni sawa na kumwambia mama mkwe kwamba mikono yake ni michafu. Winifrida aliijua desturi hiyo kwa miaka kumi na minane ya ndoa. Alitegemea ingeliwa sukuma wiki iliyo kando ya jiko.

Alhamisi alikwenda barabara ya Mpanda kupima mashimo langoni kwa Kasmir. Alirudi saa saba mchana, ametota jasho, akapitia uwanjani kuangalia mimea yake kama kawaida.

Malva ishirini na sita zilikuwa zimesimama uchi kama spoku za baiskeli. Majani hakuna. Ncha hakuna. Kila shina lilikuwa limekatwa kwa ukucha, safi, kwa ustadi wa mtu aliyechuma mboga miaka hamsini na tano. Na chini palikuwa pamefagiliwa.

Kisha akaingia ndani.

Bibi Kristiana alikuwa amefunga khanga mpya. Mezani palikuwa na ugali wa ulezi, na katikati chungu kimefunikwa. Polikarp alikuwa ameshanawa mikono, anatabasamu kama mtoto wa shule ya awali.

"Kaa, mwanangu," alisema Bibi Kristiana. "Onja wewe kwanza."

Akafunua. Mlenda. Wa kijani kibichi, umetiwa magadi na nyanya, unang'aa.

Winifrida alimtazama mumewe. Polikarp alimtazama mkewe, akaelewa, tabasamu likaondoka moja kwa moja. Angesema nini? Mama yake alikuwa amesimama na upawa mkononi, anasubiri.

Winifrida akanawa. Akamega tonge. Akachovya. Akala kazi ya miezi mitano, na kiwanja, na bomba lisilojua mgao, na mbaya zaidi ni kwamba ulikuwa mtamu.

"Vipi?"

"Ni mtamu, mama."

"Nilijua! Nilivyolisugua tu nilijua. Haulingani na bamia, bamia ina nywele. Huu ni laini. Polikarp, kula."

Polikarp akala, kwa adabu mara ya kwanza, mara ya pili kwa kusahau.

Winifrida alisubiri mpaka mama mkwe amekula tonge tatu. Desturi ilikuwa imetimizwa, sasa angeweza kusema.

"Mama. Yale yalikuwa maua."

"Ndiyo, ulisema ni mmea mgeni."

"Maua ya Kasmir. Ya langoni. Nilimwahidi yachanue Pasaka anipe kiwanja nifanye kazi."

Bibi Kristiana akaweka tonge chini. "Hukusema ya Kasmir. Ulisema ndugu wa bamia."

"Nilikuwa naeleza ukoo!"

"Mtu akikueleza ukoo si anataka umjue? Na mimi mtu akinionyesha mboga tuta zima, na samadi yote ile, nitafikiri ni ya kuangalia?" Alimgeukia mwanawe. "Polikarp, nani analima kitu cha kuangalia?"

Polikarp alitafuna polepole sana.

"Mjibu mama yako," alisema Winifrida.

"Watu wengine... mjini..."

"Ahsante sana, Polikarp. Umetusaidia."

Jioni ile Winifrida aligundua pia kwamba chungu hakikumaliza majani yote. Yaliyobaki yalikuwa yameanikwa juani kwenye ungo, yakaushwe yawe akiba. Alisimama mbele ya ungo akataka kuupindua, halafu akaona haina maana. Jani likishachumwa halirudi. Alikwenda nyuma ya banda la nguruwe. Zile nne dhaifu zilikuwepo, mama mkwe hakuwa ameziona au aliziacha zikue kwanza. Akazizungushia miiba.

Mashina yalichipua tena ubavuni, alijua yangechipua, mmea wa kudumu haufi kwa kuchumwa. Lakini kuchipua si kuchanua. Alipiga hesabu upya kwa vidole, akavikunja vidole, akaacha. Pasaka haikuwepo tena kwenye hesabu.

Kasmir alikuja mwenyewe, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka. Winifrida alilisikia gari, akatoka kabla hajashuka. Alikuwa ameamua kumweleza ukweli wote palepale mlangoni, kwa sentensi mbili. Hakuwahi hata kuanza.

"Kasmir wa Dominiko!" Bibi Kristiana alitokea nyuma yake. "Kumbe wewe ndiye mwenye gari? Wewe uliyekuwa unaiba maembe ng'ong'o kwa katekista?"

Kasmir, mwenye lori na vyumba kumi na viwili, alivua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Ingia ule."

"Mama, nina haraka, nimekuja kuangalia maua tu."

"Kula kwanza."

Akaingia, akala. Hakuna Mfipa wa Kaengesa ambaye angeweza kufanya vingine. Winifrida alikaa kando na kuitazama sahani. Bibi Kristiana alikuwa ameyapika yale majani makavu kwa karanga za kutwanga. Kasmir alikula tonge la kwanza kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka, la pili taratibu, la tatu akavuta kiti karibu na meza.

"Mama, hii mboga gani?"

"Ndiyo maua yako."

Kasmir alimtazama Winifrida.

"Ni kweli," alisema Winifrida. "Nilikuahidi maua Pasaka. Hayatakuwepo. Kwanza nilikuahidi mapema mno, huo ni mmea wa mwaka wa pili na nilijua. Pili, yameliwa. Sina la kuongeza."

Kasmir alicheka mpaka akakohoa, Polikarp akampa maji. Winifrida hakucheka. Alisubiri amalize.

"Usijali, Mama Scola. Nilihofia yasiwahi, langoni nimeshaweka mambo sawa. Nimeagiza ya plastiki, yanatoka Tunduma. Mekundu, manjano, mpaka ya bluu. Hayataki maji wala samadi."

"Ya bluu."

"Yanang'aa kweli."

"Yatang'aa mpaka Agosti. Upepo wa hapa utayajaza vumbi, na jua litayafanya rangi ya kandambili ya zamani, na utamwajiri mtu wa kuyaosha kwa sabuni. Hiyo ni bustani ya namna gani, Bwana Kasmir? Utawaambia wageni ulipanda lini?"

"Mwanangu," alinong'ona Bibi Kristiana, "anakula."

"Namuona anakula, mama. Anakula bustani yangu."

Kasmir alifuta sahani kwa tonge la mwisho. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya biashara.

"Sikiliza. Madereva wa malori wakilala kwangu watauliza chakula gani? Hawatauliza ua. Sokoni mboga inafika imenyauka, na kiangazi haifiki kabisa. Kile kiwanja cha nyuma chukua. Nilimie mboga za jiko, na hii iwemo. Nakupa mwaka mmoja, tuone."

Lilikuwa ndilo lile alilolitaka, kiwanja kilekile na bomba lilelile, na Winifrida alihisi kama aliyepewa viatu vyake mwenyewe na mtu aliyevikalia. Miezi mitano ya msasa na makopo haikumpatia kitu. Chungu kimoja cha mama mkwe kilikuwa kimempatia kila kitu. Alifungua mdomo aseme hapana, kwa heshima ya diploma iliyo ukutani, kisha akafikiria sabuni ya Kasesya.

"Nina masharti," alisema.

"Unaweka masharti wewe uliyeshindwa ahadi?"

"Ndiyo. Mstari wote wa kando ya ukuta ni wa maua na miche yangu, namuuzia ninayemtaka. Mboga utazipata mwaka mzima, kiangazi na masika, nakuambia kama mtaalamu. Lakini mstari ule hakuna mtu anachuma jani. Si mpishi wako, si wewe." Alimgeukia mama mkwe. "Si mtu yeyote."

Bibi Kristiana alikuwa anakusanya vyombo kwa makelele kidogo kuliko kawaida yake.

"Panda unavyoona," alisema Kasmir, akivaa kofia. "Ilimradi chungu kisikae bure."

Wiki ya baada ya Pasaka, wakati watu wanapiga vigelegele mbele ya lango lenye maua ya bluu, Winifrida alikuwa nyuma ya nyumba na jembe. Yale mashina ya nyumbani aliyaacha palepale, mzizi wa malva unakwenda chini kama karoti na haupendi kusumbuliwa. Zile nne za nyuma ya banda, kwa kuwa bado zilikuwa ndogo, alizihamisha na bonge zima la udongo kila moja. Moja ikafa. Tatu zikashika ukutani. Bibi Kristiana, aliyeombewa wiki mbili, alikuwa hajaondoka. Alikuja kila asubuhi na jembe lake, akageuza nyasi chini juu kutengeneza matuta ya mviringo kama ya Kaengesa, zioze ndani, na kila asubuhi Winifrida alimwambia matuta yanyooke kufuata bomba. Walipogombana sana walilima pande mbili tofauti. Maharage ya Bibi Kristiana yalitangulia kuota, na Winifrida aliliona hilo na hakulisema.

Katikati ya Julai, asubuhi ya baridi ambayo bomba lilikuwa la barafu kulishika, ua la kwanza lilifunguka. Moja tu. La rangi ya waridi iliyofifia, petali tano zenye mchano kidogo kwenye ncha, pana kama kiganja cha mtoto mchanga. Winifrida alichuchumaa mbele yake na koti la Polikarp mabegani. Hakumwita mtu.

Bibi Kristiana alikuja mwenyewe, akasimama nyuma yake, akashika kiuno.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Hili ulilolilia mwezi mzima?"

"Sikulia."

"Ulilia. Polikarp aliniambia." Akainama zaidi. "Mbona dogo hivi? La bamia kubwa kuliko hili."

Winifrida alivuta pumzi, akaitoa taratibu, ikawa moshi mbele ya uso wake.

"Mama. Tafadhali usiliguse."

"Niliguse la nini?" alisema Bibi Kristiana, akiokota jembe lake. "Majani yake yameshakomaa."